Kila Hapana na Mahali Pake

Kusakinisha PostgreSQL kwenye mashine mpya ya Linux si kazi ngumu. Amri moja, dakika chache za kusubiri, mistari inapita kwenye skrini mpaka inasimama, na seva ya kanzidata iko tayari. Shughuli huanza unapotaka kuitumia. Unakaa kwenye kompyuta ya mhasibu, upande wa pili wa ofisi, unaandika anwani ya seva, jina la mtumiaji na nywila, unabonyeza, inakataa. Unarekebisha kitu, unajaribu tena, inakataa tena. Vijana wengi ninaofanya nao kazi hukata tamaa hapo, kwa kuwa wanaona wamegonga ukuta ule ule. Ukiwaambia kwamba wamesogea, wanadhani unawafariji.

Siwafariji. Wamesogea kweli, na seva imewaambia wamefika wapi, ila hawakuisoma. Kazi hii ya kufunga seva kwenye ofisi ndogo ndogo, vyama vya akiba na mikopo, zahanati, maduka ya jumla, nimeifanya kwa muda mrefu kiasi kwamba imebadilisha namna ninavyopokea hapana hata nikiwa mbali na kompyuta. Nataka kueleza imebadilishaje, na siwezi kueleza bila kuingia kwanza ndani ya kazi yenyewe.

Kuna kukataliwa kwa kimya. Unabonyeza, kompyuta inasubiri, sekunde zinakwenda, mwishowe inakuambia muda umekwisha. Hapo hujajibiwa na yeyote. Ama anwani uliyoandika si ya seva, ama waya wa mtandao umechomoka, ama kuna ukuta wa moto njiani unaotupa ombi lako bila kukujulisha. Kubadilisha nywila wakati huo ni kazi bure, maana nywila yako haijafika popote. Kisha kuna kukataliwa kwa papo hapo: jibu linarudi kabla hujainua kidole, kwamba muunganisho umekataliwa. Hili kwa kawaida ni jibu la mashine yenyewe. Mtandao unapita, anwani ni sahihi, ila kwenye poti 5432, ambayo ndiyo poti ya kawaida ya PostgreSQL, hakuna programu inayosikiliza maombi ya kutoka nje. Mara nyingi programu iko hai kabisa. Ni kwamba mipangilio inayokuja nayo huielekeza isikilize waliomo ndani ya mashine hiyo tu, na wewe umekaa kwenye mashine nyingine.

Ukishabadilisha kipengele kinachoitwa listen_addresses na kuiwasha seva upya, unapata hapana ya aina nyingine, ndefu, ya mstari mzima: kwenye faili la pg_hba.conf hakuna mstari unaomruhusu mtumiaji huyu, kutoka anwani hii, kuingia kanzidata hii, bila usimbaji fiche. Nalipenda jibu hili. Limetaja jina ulilojiita, ulikotoka, unakotaka kwenda na hali uliyokuja nayo. Sasa unazungumza na PostgreSQL yenyewe, na imekuona. Ukiandika mstari huo, pengine itakuambia nywila si sahihi, na maana yake mstari wa kukuruhusu imeupata. Ikikuambia kanzidata yenye jina hilo haipo, basi imeshakubali kwamba wewe ndiye. Na ikikuambia huna ruhusa kwenye skima ya public, hapana iliyowasumbua wengi tangu toleo la 15 lilipotoka mwaka 2022, kwa kuwa kabla ya hapo kila mtumiaji aliweza kuunda majedwali humo na sasa hawezi mpaka apewe, basi umebakiza idhini moja tu ya mwenye kanzidata.

Kwa macho ya mtu aliyechoka, zote hizo ni hapana. Kwa anayesoma, kila moja ina mahali pake, na mahali pake panakuonyesha ufanye nini sasa na, muhimu zaidi, usihangaike na nini.

Nilikuwa katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa soko, hapa Tanga, pamoja na binti wa chuo aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Hesabu za chama zilikuwa zimegawanyika, nusu kwenye leja za karatasi, nusu kwenye kompyuta moja ya mezani ambayo kila mtu aliiogopa. Tulikuwa tunaweka seva ndogo kwenye chumba cha nyuma ili mhasibu, karani na katibu wa kamati ya mikopo wafanye kazi kwenye kanzidata moja. Binti alikuwa kwenye kompyuta ya mhasibu, mimi nikiwa chumba cha nyuma.

“Kaka, imekataa tena.”

“Imesemaje?”

“Imekataa tu.”

“Mdogo wangu, nisomee ilichosema.”

Akasoma haraka haraka, maneno mawili matatu ya mwanzo, akaishia hapo. Nikamwomba arudie pole pole mpaka nukta. Akarudia. Nikamsikia ananyamaza katikati, kisha akasema, “Imetaja anwani ya kompyuta hii ya mama.” Mama mhasibu, aliyekuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai akingoja arudishiwe kiti chake, akauliza, “Sasa wanangu, hiyo ni heri au shari?” Binti ndiye aliyemjibu, mimi sikuwahi: “Heri, mama. Imetuona.”

Nimefundisha mengi ya kompyuta, amri na mipangilio ya kila namna, lakini ningeambiwa nichague jambo moja la kumwachia mwanafunzi ningechagua hilo: ukikataliwa, soma mpaka nukta. Mtu akikataliwa, moyo hutangulia macho. Neno la kwanza likishasomeka kuwa ni la kukataa, yaliyobaki hatuyaoni tena, na mara nyingi dawa iko katika yaliyobaki.

Hata hivyo si kila jibu la kwenye skrini linatosha. Asubuhi ile ile tulikwama pengine. Seva ilikuwa inasema nywila si sahihi, na binti alikuwa ameibadilisha nywila kila alipokataliwa, kila mara akiwa na hakika kwamba safari hii ameiandika vizuri. Na kweli alikuwa ameiandika vizuri. Nikamwita chumba cha nyuma, tukafungua kumbukumbu za seva, lile faili lililo kwenye folda ya /var/log/postgresql ambamo seva huandika makosa na matukio yake. Kwanza akasema mistari ile ni ya alfajiri, haituhusu, maana ilionyesha 06:14. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tatu asubuhi. Nikamwonyesha herufi zilizofuata, UTC: seva ilikuwa imewekwa majira ya Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 06:14 ya seva ni 09:14 yetu, yaani dakika chache tu zilizopita, pale pale alipokuwa anajaribu. Jambo dogo, lakini nimeona watu wazima wakiruka ushahidi wote waliokuwa wanautafuta kwa sababu ya saa tatu hizo.

Chini ya mstari wa nywila kulikuwa na maelezo ambayo kompyuta ya mhasibu haikuyapata: mtumiaji mwenye jina hilo hayupo. Jina lilikuwa Mhasibu, kwa herufi kubwa. Binti alipomuunda mtumiaji huyo hakuliweka jina kwenye alama za nukuu, na PostgreSQL hugeuza majina yasiyo na alama hizo kuwa herufi ndogo. Ndani ya seva alikuwepo mhasibu. Nje alikuwa anabisha Mhasibu. Nywila zote zile zilikuwa sahihi, kwa mtu asiyekuwepo.

Yafaa kujua kwa nini seva haikumwambia hivyo tangu mwanzo. Kwa aliye nje, PostgreSQL hutoa jibu moja, kwamba uthibitisho wa nywila umeshindikana, jina liwepo lisiwepo. Ingesema kwa uwazi kwamba jina hilo halipo, mwizi angejaribu majina mpaka apate lililopo, kisha angebaki na kazi ya kutafuta nywila tu. Kwa hiyo jibu la nje ni fupi kwa makusudi, na jibu kamili linaandikwa ndani, kwa ajili ya mwenye mamlaka ya kulisoma. Huandika hata ni mstari wa ngapi wa faili la ruhusa uliotumika kukupima.

Nilipolielewa hilo sawasawa nilimkumbuka mama yangu.

Baba alipofariki, mama alifuatilia mafao ya urithi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Alikuwa anapanda basi asubuhi, anapanga foleni, anafika dirishani, anaambiwa arudi wiki ijayo. Akirudi, anaambiwa hivyo hivyo. Kila safari alikuwa anaongeza karatasi: barua ya serikali ya mtaa, cheti cha ndoa, picha za pasipoti mpya, nakala zilizogongwa mhuri na wakili. Hakuna aliyemwomba karatasi hizo. Alikuwa anakisia, kama binti yule alivyokisia nywila. Ilifika mahali akaamini kwamba anatakiwa atoe kitu kidogo, na akaanza kuziweka pembeni fedha ambazo hakuwa nazo.

Siku niliyomsindikiza sikuwa na ujanja wowote. Nilimwamkia dada aliyekuwa dirishani, nikamwambia, “Dada, sisi hatuna haraka. Tunaomba tu utusaidie kujua jalada lenyewe limeandikwaje.” Akainuka, akaenda kwenye makabati, akakaa huko kwa muda, akarudi na jalada. Juu ya karatasi ya kwanza kulikuwa na maneno ya penseli: majina yanatofautiana. Jina la baba kwenye barua ya ajira liliandikwa kwa herufi h, na kwenye kitambulisho halikuwa nayo. Mtu fulani huko ndani alikuwa ameliona hilo tangu siku za mwanzo, akaliandika, akaliweka jalada kwenye rundo la yale yanayosubiri. Dada wa dirishani alikuwa anaona neno moja tu kwenye orodha yake, kwamba halijakamilika, na jibu alilokuwa nalo la kumpa mama ni wiki ijayo. Tulikwenda kwa wakili, mama akala kiapo cha majina kwamba ni mtu yule yule, hati ikapelekwa, na jalada likaanza kutembea.

Simlaumu yule dada, wala simwoni kuwa mwongo. Aliyekaa dirishani mara nyingi ana jibu fupi tu. Kinachoniuma hadi leo ni miezi ile ambayo mama aliishi akiamini kwamba kuna mtu anamchukia. Tukinyimwa sababu tunajitungia, na sababu tunazojitungia huwa nzito kuliko herufi h.

Najua pia kwamba si kila jalada lina sababu ya haki ndani yake. Wako watu wanaokataliwa kwa kabila lao, kwa jinsia yao, kwa kutomjua mkubwa, na ukifungua kumbukumbu hutakuta mstari wowote unaolisema hilo. Dhuluma ipo na ina njia zake za kukabiliwa. Lakini hata hiyo huijui kuwa ni dhuluma mpaka uwe umekwenda upande wa ndani ukauliza jalada limeandikwaje. Anayeruka hatua hiyo anaweza kupigana vita kubwa juu ya herufi moja, au akainama kwa unyonge mbele ya uonevu akidhani ni karatasi zake ndizo zilizopungua.

Kuna kazi bure nyingine ambayo seva mpya humfanyisha mtu, nayo inanisikitisha kwa kuwa anayeifanya huwa na bidii kweli. Anahariri faili. Anasoma maelekezo, anaandika mstari sahihi, anahifadhi, anajaribu, hakuna kilichobadilika. Anaandika tena kwa uangalifu zaidi. Hakuna. Wakati mwingine amesahau tu kuiambia seva isome faili upya. Lakini wakati mwingine faili analolihariri si lile ambalo seva inalisoma. Kwenye Ubuntu na Debian kila toleo lina folda yake, na ukiwa na toleo la zamani na jipya pamoja, la pili hupewa poti 5433. Mtu yuko kwenye /etc/postgresql/14, anaunganishwa na seva ya 16, na kila anachokiandika ni sahihi na hakisomwi na yeyote. Tiba yake ni kuiuliza seva yenyewe. Ukiingia ndani na kuandika SHOW hba_file, itakutajia faili inalolisoma, njia yote mpaka mwisho.

Nimewaona wazazi wakilipa masomo ya ziada, jioni na Jumamosi, kwa mtoto ambaye tatizo lake ni kwamba haoni ubaoni. Walimpenda, walijinyima, walifanya kila kitu vizuri, kwenye faili lisilosomwa. Siku mwalimu mmoja alipomuuliza mtoto mwenyewe anaona nini kutoka alipokaa, mambo yakabadilika. Tangu nilipoanza kuuliza swali hili kazini naliuliza na nyumbani: huyu ninayetaka abadilike, anasoma wapi? Simuulizi jirani. Namuuliza mwenyewe.

Sasa niseme juu ya njia ya mkato, maana hapa sina uvumilivu.

Mtu akishakataliwa vya kutosha, hutokea wa kumwambia: fungua kila kitu, itakubali. Na itakubali kweli. Kwenye pg_hba.conf unaweza kuandika 0.0.0.0/0, maana yake anwani yoyote duniani, na mbele yake ukaandika trust, maana yake usimuulize nywila. Hapana zote zinakoma kwa pamoja. Ofisi inapumua, fundi anashukuriwa, anakwenda zake. PostgreSQL hujitahidi kumzuia mtu wa namna hiyo mahali inapoweza: inakataa kabisa kuendeshwa na mtumiaji mkuu wa mashine, na ukilegeza ruhusa za folda ya data ili kila mtu aweze kuifungua, inagoma kuwaka. Lakini mstari wa trust itautii, kwa sababu aliyeuandika ni mwenye nyumba.

Januari 2017 dunia iliona matokeo ya milango iliyoachwa wazi. Maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizokuwa wazi kwenye intaneti bila nywila ziliingiliwa na watu waliokuwa wanazitafuta kwa programu za kujiendesha, data ikafutwa, na ndani ikaachwa barua ya kudai fidia kwa sarafu za kidijitali. Wengine walilipa na hawakurudishiwa kitu. Mwisho wa mwaka huo, toleo la 3.6 la programu hiyo lilitoka likiwa limewekwa lisisikilize nje ya mashine yake mpaka lielekezwe.

Kwa hiyo ninapomwona fundi kijana anaandika trust ili amalize kazi kabla ya jioni, namwomba afikirie kilichomo ndani. Kwenye chama kile cha soko kuna mama anayeuza samaki aliyekopa ada ya mtoto, kuna aliyemdhamini kwa siri bila mumewe kujua, kuna mzee aliyeshindwa kulipa baada ya duka lake kuungua. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekopa ili soko zima lijue. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na ni vyema ipo, lakini hata isingekuwepo ningesema yale yale. Hapana ya seva ndiyo inayowalinda watu hawa. Anayeiondoa yote ili yeye apumzike amewaacha wao wazi.

Na hivi ndivyo nilivyoanza kufikiria upande wa pili wa jambo hili, upande wa anayekataa.

Ujumbe ule mrefu wa pg_hba.conf uliandikwa na mtu. PostgreSQL ilitokana na mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2014. Mwaka 1996 ikachukua jina ililonalo sasa, na tangu hapo inatunzwa na watu walio katika nchi mbalimbali, bila kampuni moja kuimiliki. Ndiyo kanzidata inayobeba DHIS2, mfumo uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo ambao wizara ya afya hapa kwetu na katika nchi nyingi za Afrika hukusanyia takwimu za vituo vya afya. Watunzaji wake wana mwongozo ulioandikwa wa namna ya kutunga ujumbe wa makosa. Unataka ujumbe mkuu uwe mfupi na wa kweli, maelezo ya tukio yakae mahali pake, na kama kuna pendekezo la kufanya, nalo likae mahali pake likijulikana kuwa ni pendekezo. Unawaonya waandishi wasitumie maneno yasiyosema kitu. Yaani kuna watu waliokaa wakajadiliana jinsi ya kumkatalia mtu wasiyemjua, ili akishakataliwa ajue pa kuanzia.

Nilijiuliza ni lini nimemkatalia mtu kwa uangalifu wa namna hiyo. Ndugu anaomba mkopo, namwambia mambo magumu. Kijana anaomba kazi, simjibu, naacha muda uishe, nikijua wazi kwamba kimya ndicho hapana mbaya kuliko zote, kwa kuwa aliyetuma hajui hata kama barua imefika. Nimeamua kujibu. Kama sina fedha nasema sina. Kama ninazo na siwezi kumpa kwa sababu ya yaliyotokea mara ya mwisho, nasema hivyo, kwa upole, kwa mdomo wangu.

Kwenye chama cha soko tulipofika kwenye jedwali la maombi ya mikopo, niliiomba kamati jambo moja lisilokuwa kwenye makubaliano yetu ya awali. Leja zao za zamani zilikuwa na safu ya hali ya ombi, na kwa waliokosa ilikuwa imeandikwa neno moja, limekataliwa, ukurasa baada ya ukurasa. Niliomba tuweke sharti ndani ya kanzidata yenyewe: ombi lisiweze kuhifadhiwa kuwa limekataliwa kama sababu haijajazwa. Ni mstari mmoja tu wa CHECK. Mwenyekiti hakulifurahia. “Mwanangu,” akaniambia, “sababu nyingine hazisemeki. Mdhamini amejitoa usiku, ametuomba tusimtaje. Utaandika nini hapo?”

Hoja yake ilikuwa nzito, na tuliijadili mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukaweka nafasi mbili. Moja ni ya maelezo kamili, yanayosomwa na kamati tu. Ya pili ni ya maneno anayopewa mwombaji, na hiyo nayo haiwezi kuachwa tupu: lazima imwambie ni nini kinachokosekana na lini anaweza kuomba tena. Kwa yule ambaye mdhamini amejitoa, ataandikiwa kwamba udhamini wake haujakamilika na alete mdhamini mwingine kabla ya kikao kijacho. Hakuna siri iliyotoka, na mtu anajua pa kwenda kesho asubuhi.

Baada ya mfumo kuanza kutumika, katibu wa kamati alinipigia simu, sauti imepanda. Mfumo unakataa kuhifadhi. Nikamwuliza umesemaje. Akasoma mpaka mwisho, akasema anaona umetaja ile nafasi ya maneno ya mwombaji, ameiacha wazi. Alikuwa na maombi saba ya namna hiyo mezani na kikao kilikuwa kimekwisha, wajumbe wamerudi vibandani kwao. Nikamwambia mimi sababu za maombi yale sizijui, wanaozijua ni wajumbe. Akakata simu. Jioni nilipofungua kanzidata kuangalia kama nakala ya akiba imechukuliwa, nilikuta maombi sita yamejazwa. La saba lilikuwa limerudishwa kwenye orodha ya yanayosubiri kikao, kwa maelezo kwamba wajumbe wameulizwa mmoja mmoja na hakuna aliyekumbuka kwa nini walilikataa.